Marehemu hakuwa na kompyuta

Mzee mmoja wa Igombe alikaa kwenye benchi la ofisi yangu ya steshenari hapa Kirumba, Mwanza, akavaa miwani, akausoma ukurasa wa pili wa muhtasari wa kikao cha ukoo tuliokuwa tumemchapia, kisha akaushusha taratibu magotini na kuniuliza, "Mwanangu, hii kompyuta ya marehemu mmeiona wapi?" Nilidhani macho yanamsumbua. Niliuchukua ukurasa nikasoma mwenyewe, na kweli, katika orodha ya mali alizoacha mdogo wake, palikuwa pameandikwa kwamba marehemu aliacha mashua mbili, kompyuta moja ya HP 15, nyavu mbili za dagaa na taa nne. Karatasi aliyoileta kwa mwandiko wa mkono, ambayo bado ilikuwa mezani chini ya stepla, ilisema: mitumbwi miwili, mashine moja ya HP 15, nyavu mbili za dagaa, karabai nne.

Kwa msomaji asiye wa kanda hii, mvuvi wa ziwani akisema mashine anamaanisha injini inayofungwa nyuma ya mtumbwi, na HP ni nguvu ya farasi. Karabai ni taa ya kupampu ambayo wavuvi wa dagaa huishusha majini juu ya chelezo usiku usio na mbalamwezi, ili dagaa waifuate; wengi siku hizi wamehamia taa za sola, lakini karabai iliyo nzima bado ni mali na watu bado wanaigombea. Mtumbwi na mashua navyo si kitu kimoja, wala bei yake si moja. Na muhtasari wa kikao cha ukoo si barua ya salamu. Ndio unaopelekwa Mahakama ya Mwanzo wakati wa kufungua shauri la mirathi, ukiwa na majina na sahihi za waliohudhuria, na yule anayeteuliwa kuwa msimamizi anatakiwa baadaye aorodheshe mali zote na kuzitolea hesabu. Mzee yule, ambaye ndiye ukoo ulimpendekeza, angeweza kujikuta akidaiwa na wajomba zake kompyuta ambayo haijawahi kukanyaga Igombe. (Amenipa ruhusa ya kulisimulia jambo hili bila jina lake, na alicheka sana aliponipa.)

Ilivyotokea ni hivi. Msaidizi wangu, binti aliyemaliza kidato cha sita, aliiteua aya ile ili akoleze baadhi ya maneno. Kando ya aya kikajitokeza kikalamu kidogo chenye vinyota, kikimwalika aboreshe maandishi kwa akili mnemba. Alikibonyeza, akaletewa aya iliyonyooka na yenye Kiswahili cha vitabuni, akaikubali kwa sababu ilipendeza. Siitaji programu yenyewe, kwa kuwa programu nyingi za kuandikia sasa zina kikalamu cha namna hiyo, na kwa kuwa sehemu ya kosa ni yangu. Nilisomea uhazili Tabora enzi za taipureta na hatimkato, na kitu cha kwanza tulichofundishwa kilikuwa kwamba waraka haumfikii mwenyewe kabla watu wawili hawajakaa, mmoja akisoma asili kwa sauti na mwingine akifuata nakala kwa kidole. Siku hiyo foleni ilikuwa ndefu, nikaliruka hilo.

Hata hivyo, kosa lenyewe linafundisha namna vyombo hivi vinavyofanya kazi. Akili mnemba ya aina hii, ambayo wengine huiita akili unde au akili bandia, haimjui mvuvi wala mtumbwi. Hukisia neno linalofuata kwa kadiri maneno yalivyozoeana katika maandishi mengi mno iliyofunzwa kwayo. Katika maandishi ya dunia, HP yenye 15 mbele yake ni kompyuta mpakato inayouzwa madukani. Mazungumzo ya mwaloni, pale wavuvi wanaposhusha samaki na ambako HP 15 ni injini, hayaandikwi sana, na yakiandikwa hubaki katika madaftari ya kina mama wanaokopesha dagaa. Kwa hiyo ilichagua kilicho kingi badala ya kilicho kweli, na ikachagua bila kusitasita hata kidogo. Karani mwanafunzi angalau angeniuliza, "Mama, mashine gani hii?"

Jioni ile, baada ya kufunga na kumlipa binti nauli, nilifanya jaribio dogo. Nilizima hotspoti ya simu, nikaiteua aya nyingine, nikabonyeza kikalamu. Kiligoma, kikisema hakuna muunganisho. Hapo ndipo nilipokaa kimya kwa dakika kadhaa, maana jibu hilo lilikuwa na maana moja tu: ile ya asubuhi ilisafiri. Orodha ya mali za familia ya Igombe, na jina la mjane, na majina ya watoto wake watatu, vilitoka Kirumba vikaenda kwenye mashine za kampuni fulani ng'ambo na kurudi, na hakuna mtu aliyemwuliza mwenye karatasi kama anaafiki. Aliyeulizwa, kama kubonyeza kitufe kunahesabika kuwa kuulizwa, ni binti wa miaka kumi na tisa aliyetaka kukoleza maneno.

Hoja yangu yote iko hapo. Mijadala mingi ninayoisoma kuhusu kuzima vipengele hivi humzungumzia mwenye kompyuta: faragha yake, uvivu wa akili yake, hiari yake. Kwenye steshenari mwenye kompyuta ni mmoja na wenye siri ni wengi. Kwa siku moja ninapitisha barua za kuacha kazi, mikataba ya mauziano ya viwanja vya Buhongwa na Kisesa, barua za kukubali posa, matokeo ya vipimo ambayo mtu anataka kopi yake, na mara nyingine maelezo ya kesi ambayo hata mimi natamani nisingeyasoma. Mtengenezaji anaponiuliza mimi kama nakubali, anamwuliza mtu asiye na haki ya kukubali. Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na msingi wake mmojawapo ni kwamba taarifa za mtu zikusanywe na zitumike kwa lengo lililokusudiwa. Mzee alileta karatasi ichapwe. Lengo lilikuwa hilo, na likaishia hapo.

Nirudi nyuma kidogo nieleze kompyuta hii ilivyonifikia, kwa sababu sikuitafuta. Niliyokuwa nayo zamani ilitumia Windows 10, na tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida kwa mfumo huo. Fundi wangu aliniambia prosesa yake ni ya zamani mno kupokea Windows 11, akanipa njia mbili: kuiwekea Linux, mfumo mwingine wa bure, au kununua nyingine. Nilifanya yote mawili, maana wateja wangu huleta kwenye flashi mafaili ya Word yenye majedwali yanayovurugika kwingineko. Mpya ilipofika, kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa kwenye kibodi. Mahali ambapo kidole changu cha mwisho cha mkono wa kulia kimezoea kukuta Ctrl, palikuwa na kitufe chenye alama ya Copilot, msaidizi wa akili mnemba wa Microsoft.

Kitufe hicho Microsoft ilikitangaza Januari 2024, na ilijisifu kwamba ni badiliko kubwa la kwanza kwenye kibodi za Windows kwa karibu miaka thelathini, tangu kilipokuja kitufe chenye nembo ya Windows mwaka 1994. Anayechapa kwa vidole viwili pengine hatakiona mwaka mzima. Mimi nachapa bila kutazama, na wiki ya kwanza kila nilipotaka kuhifadhi au kunakili, dirisha la msaidizi lilifunguka katikati ya kazi na kuanza kuniuliza linisaidie nini, na nusu ya sentensi yangu inayofuata ikamwagikia humo. Mara moja ilimwagikia humo namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) ya mteja. Fundi aliniwekea programu iitwayo PowerToys, inayotolewa bure na Microsoft wenyewe, akakirudisha kitufe kuwa Ctrl. Alipokuwa akifanya hivyo alinionyesha kitu kilichonichekesha: ndani kwa ndani kitufe hicho hutuma ishara ya F23 pamoja na vitufe vingine viwili, na F23 ni kitufe ambacho kibodi zetu hazina; zinaishia F12.

Kuhusu kile kipengele kinachoitwa Recall, ambacho watu hunisimulia kana kwamba kiko kwenye kila mashine, nataka niwe mwadilifu. Kwangu hakipo na hakiwezi kuwapo, kwa kuwa kinahitaji kompyuta za kundi la Copilot+, zenye kumbukumbu isiyopungua GB 16 na chipu maalumu ya hesabu za akili mnemba. Kazi yake ni kupiga picha za skrini kila baada ya muda mfupi ili mwenye kompyuta aweze baadaye kutafuta alichowahi kukiona. Kilitangazwa Mei 2024. Wataalamu wa usalama walipoonyesha kwamba hifadhi ya toleo lile la awali ingeweza kusomwa kirahisi na programu nyingine iliyoingia kwenye kompyuta, Microsoft ilikiahirisha Juni mwaka huohuo, ikakifanyia kazi upya na kukitoa Aprili 2025 kikiwa kimezimwa mpaka mtu akiwashe, hifadhi yake ikiwa imefungwa kwa usimbaji fiche na picha zenyewe zikibaki kwenye kompyuta. Hayo ni maboresho ya kweli na sitaki kuyabeza. Lakini mwezi uliofuata Signal, wenye programu ya kutumiana ujumbe wa siri, waliamua kwamba programu yao kwenye Windows ikatae kupigwa picha za skrini bila hata kumwuliza mtumiaji, na sababu yao naielewa kwa moyo wote: ujumbe ulio kwenye skrini yako umeandikwa na mtu mwingine. Ni jambo lilelile la mzee wa Igombe, ila kwa watu wanaojua kuandika programu.

Kuzima kwenyewe kulinichukua jioni mbili. Kilichonichosha ni kutafuta, maana kila programu imeficha swichi yake chumba chake. Kwenye Word nilikwenda kwenye menyu ya Faili, nikafungua chaguo za programu, nikakuta sehemu yenye jina la Copilot na kisanduku kimoja cha kuondoa tiki. Nilipofungua Excel nikakuta tiki ipo palepale, kwa kuwa kila programu huzimwa peke yake, na kila kompyuta vilevile. Notepad, daftari dogo ambalo miaka yote halikuwa na chochote zaidi ya herufi, nalo lina swichi kwenye mipangilio yake. Copilot mwenyewe nilimwondoa kama programu nyingine yoyote inavyoondolewa. Kisomaji cha PDF cha Adobe kinayo sehemu ya akili mnemba katika mapendeleo yake, na tiki inatoka. Firefox ndiyo iliyonifurahisha, kwa kuwa tangu toleo la 148 la Februari 2026 imeweka mahali pamoja pa kuvizuia vipengele hivi vyote kwa swichi moja, hata vitakavyokuja baadaye. Mwalimu jirani mwenye Mac alinionyesha kwamba kwake nako ni swichi moja tu, chini ya Apple Intelligence na Siri, ingawa tangu macOS 15.3 ya Januari 2025 kompyuta mpya hufika ikiwa imewashwa tayari. Muhtasari ambao Google huutanguliza juu ya matokeo ya utafutaji hauna swichi; ninabonyeza kichujio cha kurasa za wavuti, ninaendelea na kazi.

Niongeze jambo la bando, maana wanaoandika kuhusu mambo haya wakiwa kwenye intaneti isiyo na kipimo hulisahau. Baadhi ya vipengele hivi havipeleki maandishi nje. Vinashusha modeli nzima, yaani akili mnemba yenyewe, na kuiweka kwenye diski, jambo ambalo kwa siri za wateja ni jema. Ila Google yenyewe inaeleza kwamba ili Chrome iweke modeli yake ya Gemini Nano inataka diski iwe na angalau GB 22 za nafasi, na Apple inataka GB 7 kwa vipengele vyake. Ofisi yangu inakula hotspoti ya simu. Niliingia kwenye mipangilio ya mtandao nikaiambia Windows kwamba muunganisho huu unapimwa, na tangu hapo masasisho makubwa yananisubiri mpaka niyaruhusu. Nawashauri wote wenye steshenari wafanye hivyo leo, hata kama wanaipenda akili mnemba kuliko ugali na sato.

Kuhusu gharama, yaliyotokea Australia yanafaa kufuatiliwa. Kuanzia Oktoba 2024 huko Australia, na Januari 2025 Marekani, Microsoft iliingiza Copilot kwenye vifurushi vya Microsoft 365 vya watu binafsi na kupandisha bei. Marekani kifurushi cha mtu mmoja kilitoka dola 6.99 hadi 9.99 kwa mwezi. Kilikuwapo pia kifurushi cha zamani kisicho na msaidizi, kwa bei ya zamani. Oktoba 2025 tume ya ushindani ya Australia iliishtaki kampuni hiyo mahakamani, ikidai kwamba wateja wapatao milioni 2.7 waliarifiwa kana kwamba chaguo ni mawili tu, kulipa zaidi au kuondoka, na kwamba kile cha zamani kilijitokeza pale tu mtu alipoanza hatua za kujiondoa. Kabla ya kuisoma habari hiyo nilikuwa nikijilaumu kidogo kwa jioni zangu mbili za kutafuta swichi; sasa sijilaumu.

Kompyuta ya zamani haikutupwa. Fundi aliiwekea Linux Mint yenye LibreOffice, programu za bure za kuandikia na majedwali, na imekuwa kile ambacho kompyuta zote za ofisi yangu zilikuwa: taipureta yenye kumbukumbu. Hakuna kikalamu ndani yake, hakuna anayejitolea kunisaidia. Inanikumbusha pia jambo ambalo vijana hawalijui, kwamba mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, waliitafsiri OpenOffice, ambayo ndiyo mama wa LibreOffice, wakaiita Jambo OpenOffice, na menyu zikasoma Kiswahili. Kazi ile ilifanywa na watu waliokaa na kubishana kuhusu neno mojamoja. Nyaraka za mirathi, za kesi na za ndoa sasa zinachapwa kwenye kompyuta hiyo tu, na tangu iwekewe Linux haijaunganishwa na hotspoti hata siku moja.

Binti yangu wa ofisini haafikiani nami kabisa, na ni haki nimwandike. Anasema, "Mama, wewe unazima taa kwa sababu mtu mmoja alijikwaa." Ananikumbusha kwamba barua za Kiingereza za kuomba kazi, ambazo vijana wa Mwanza wanazihitaji na mimi siziandiki vizuri, zimekuwa nzuri tangu aanze kuzipitisha kwenye akili mnemba. Ni kweli. Tumekubaliana kwamba kwa kazi hizo ataendelea, kwa simu yake, mteja akiwa amekaa pembeni na amekubali, na jina na namba vikiingizwa mwishoni kwa mkono. Mimi mwenyewe nimeitumia hivyo mara mbili. Ninachokataa ni ile iliyoingia bila kupiga hodi, ikakaa kando ya aya ya mtu mwingine, ikangoja kidole kichoke.

Bado kuna kazi ya kurudia. Baada ya sasisho moja kubwa nilikuta dirisha la msaidizi limerudi chini kwenye mstari wa kazi, nikaliondoa tena. Kwa hiyo sasa kila Jumatatu asubuhi, kabla ya kufungua mlango, napita programu zote tano na daftari langu, naweka alama ya vema kwa kalamu ya wino. Ni dakika tano, muda wa chai kupoa.

Mzee alirudi Alhamisi kuchukua nakala zake. Tulikaa kama tulivyofundishwa: binti akisoma karatasi ya mkono kwa sauti, mimi nikifuata kwa kidole, mzee akisikiliza huku amefumba macho. Mitumbwi miwili. Mashine moja ya HP 15. Nyavu mbili za dagaa. Tulipofika kwenye karabai alituinulia mkono. "Hapo ongeza, mwanangu. Karabai nne, moja kioo chake kimepasuka. Mjukuu wake aliiangusha siku ya matanga." Nikaongeza.